Springi ngumu au laini? Mwongozo kamili wa uzito unaohama na gari linavyoshika barabara za Dodoma

Nenda gereji yoyote ya Dodoma ukaseme gari lako linalala kwenye kona. Jibu la kwanza litakuwa "tuweke springi ngumu, bosi". Sema linagusa chini, utaambiwa "weka spesa", yaani kipande cha kulinyanyua gari. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mitaa mipya imefunguka kila upande, nyingi zikiwa na barabara za ndani za vumbi na makorongo, kwa hiyo maombi hayo mawili hayaishi. Yanaweza kuwa sahihi. Yanaweza pia kukupeleka mtaroni siku ya mvua ya kwanza, kama aliyefunga hakujiuliza uzito wa gari unakwenda wapi linapokata kona.

Neno lenyewe ni hili, na mwongozo wote umesimama juu yake: ugumu wa springi haupunguzi uzito unaohama. Unachoamua ni uzito huo uangukie tairi lipi.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kabla ya kushika spana

Gari linapokata kona kushoto, matairi yanalivuta kuelekea ndani, lakini yanalivutia chini kabisa, ardhini, wakati kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika, kiko juu. Kwa sababu hiyo gari linataka kupindukia nje. Matairi ya kulia yanaongezewa mzigo, ya kushoto yanapunguziwa kiasi kilekile.

Kiasi hicho unakipata hivi: uzito wa gari, zidisha kwa ukali wa kona, zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Chukua Toyota IST ya kizazi cha kwanza ikiwa na watu wawili na mabegi yao, tuseme kilo 1,200 kwa jumla. Upana kati ya matairi tuweke mita 1.45, kitovu cha uzito tukikadirie sentimita 55 kutoka ardhini. Kwenye kona inayokusukuma pembeni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wako, yaani kona ambayo abiria anatafuta pa kushika, hesabu inakuwa 1,200 × 0.5 × 0.55 ÷ 1.45. Jibu ni karibu kilo 228.

Itazame tena hesabu hiyo. Ugumu wa springi haumo. Ni kweli kwamba gari likilala sana kitovu cha uzito nacho huegemea nje na kuongeza kilo kadhaa, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya jumla. Springi ngumu zitafanya gari lionekane limesimama wima, dereva atajisikia salama, na kilo zile 228 zitakuwa zimehama vilevile.

Sasa weka spesa za inchi mbili, kama sentimita 5, ili upite makorongo ya mtaani kwako. Kimo kinakuwa karibu sentimita 60, na uzito unaohama kwenye kona ileile unapanda hadi kilo 248 hivi. Kilo 20 zaidi, na hukugusa ugumu wowote.

Kwenye breki hesabu ni ileile, ila unagawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa IST hiyo ni mita 2.37. Ukikanyaga breki kali kwenye lami kavu, yaani kwa nguvu sawa na 0.7 ya uzito, kilo 195 hivi zinahamia mbele. Springi ngumu za mbele zitapunguza pua kuinama. Nyuma itabaki nyepesi kama ilivyokuwa.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini ni muhimu tairi lipi linabeba

Tairi likiongezewa mzigo linashika zaidi, lakini haliongezi kwa kiwango kilekile. Hapa ndipo siri yote ilipo. Tuchukue mfano wa hesabu: tairi lenye mzigo wa kilo 250 linaweza kuzuia msukumo wa pembeni wa kilo 240. Mawili ya hivyo yanazuia 480. Sasa hamisha kilo 100, moja libebe 350 na jingine 150. La kwanza halitoi 336 kama ungetarajia, linatoa 315. La pili linatoa 150. Jumla ni 465. Uzito ni uleule, matairi ni yaleyale, lakini ekseli hiyo imepoteza kilo 15 za kushika barabara kwa sababu tu mzigo umelalia upande mmoja.

Kwa hiyo ekseli inayobeba sehemu kubwa ya uzito unaohama ndiyo inayoanza kuteleza. Na ekseli hiyo ni ile yenye ugumu zaidi. Bodi ya gari ni kitu kimoja, inalala kwa pembe karibu ileile mbele na nyuma. Watu wawili wakizuia kabati lisianguke, aliyekaza mkono ndiye anayebeba, aliyelegeza anabebewa.

Turudi kwenye IST yetu. Tuseme mbele kuna kilo 720 na nyuma 480, yaani kila tairi la nyuma lina 240. Kiwandani wamepanga mbele ichukue, tuseme, asilimia 60 ya kilo zile 228, yaani 137, na nyuma 91. Tairi la nyuma la nje litafika 331, la ndani litabaki na 149. Fundi akikukazia nyuma tu, hadi nyuma ichukue 125, la nje linafika 365 na la ndani linashuka hadi 115. Mbele imepumzika, nyuma imebebeshwa. Kinachofuata ni mkia kutoka nje.

Ukikaza mbele tu, mambo yanageuka: unakata usukani, pua inakataa kuingia, gari linakwenda pana. Kati ya hizo mbili, kwa dereva wa kawaida nachagua pua kukataa bila kusita. Silika ya mtu akiogopa ni kuachia mafuta, na kwa gari la pua kukataa hilo linasaidia kwa sababu uzito unarudi mbele. Kwa gari la mkia kutoka, kuachia mafuta katikati ya kona ndiko kunakolimalizia kulizungusha. Ndiyo maana watengenezaji wa magari ya familia huyapanga yaelekee kukataa kwa pua kwanza.

Hatua ya 3: Jua kila kifaa kinafanya nini

Springi hubeba gari na huchangia kuzuia kulala. Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia, haibebi gari. Inafanya kazi pale tu upande mmoja unaposhuka kuliko mwingine. Kwa hiyo unaweza kuongeza ugumu kwenye kona bila kulifanya gari ligonge kwenye matuta. Ubaya wake unauona kwenye barabara mbovu: tairi moja likiingia shimoni, fimbo inalivuta na la pili.

Spesa ziko za aina mbili, na watu wengi wanaziweka kapu moja. Ya chuma au plastiki ngumu inayofungwa juu, pale shokapu inaposhikana na bodi, inanyanyua gari bila kubadili ugumu wa springi. Raba inayosokomezwa katikati ya mizunguko ya springi inaua mzunguko au sehemu yake. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikibaki na mitano, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Kukata mzunguko mmoja ili kushusha gari kunaongeza ugumu kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo ukiweka raba nyuma tu, kwa sababu nyuma ndiko kunakogusa, umeshakaza nyuma bila kukusudia. Kwenye pikapu ni vivyo hivyo: ukiongeza jani la sita kwenye springi ya majani matano yenye unene sawa, umeongeza ugumu kwa karibu moja ya tano.

Halafu kuna raba za mwisho, zile ndogo zinazozuia chuma kugonga chuma springi inapofika kikomo. Gari lililoshushwa, au lililozidishiwa mzigo, linazikalia katikati ya kona. Wakati huo ugumu wa kona hiyo ya gari unaruka ghafla, mzigo unarukia tairi moja, na gari linaachia bila onyo. Ukisikia mgongo wa kiti umekupiga kavu kwenye tuta, ujue tayari unazitumia.

Shokapu, wengine huziita shokomzoba, nataka nizikalie kidogo. Kona ikiwa ndefu na tulivu, shokapu haina la kusema. Uzito ukishahama umehama. Kazi yake iko kwenye mabadiliko. Fikiria barabara ya Dodoma kwenda Singida, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yamepangana, unatoka kulipita lori, mara unaona gari mbele unarudi haraka kushoto. Ulipokata kulia uzito ulikwenda kushoto. Unapokata kushoto, bodi inatoka kushoto kwenda kulia ikiwa na mwendo wake, na springi zilizobanwa zinaisukuma kwenda upande huohuo. Shokapu nzima inaimeza nguvu hiyo. Iliyokufa inaiachia, bodi inapitiliza pale ilipotakiwa kusimama, na kwa sekunde hiyo moja tairi la nje la nyuma linabeba zaidi ya hesabu yoyote tuliyofanya. Watu wanasema upepo ulilisukuma. Upepo wa kati ya Manyoni na Singida upo, na Noah au Alphard kwa urefu wake inausikia, lakini mara nyingi shokapu za nyuma ndizo zilizoanza.

Hatua ya 4: Kagua kilichopo kabla ya kununua kipya

Sehemu kubwa ya magari yanayoletwa yakidaiwa kuwa na springi laini hayana tatizo la springi. Anza na matairi: upepo upimwe yakiwa baridi, ulinganishe na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi nalo ni springi, na tofauti ya upepo kati ya mbele na nyuma inabadili tabia ya gari kuliko watu wanavyodhani. Pitisha kiganja juu ya tairi; ukisikia mabonde na vilima, huenda shokapu ya upande huo haifanyi kazi.

Kisha nyanyua gari, liweke juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Angalia bushi (raba za maungio) za mikono ya chini, boljointi, na linki za stabilaiza. Linki iliyokatika inaondoa stabilaiza kazini kabisa, yenye mchezo inaipunguzia kazi, na gari litalala kana kwamba springi zimechoka. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na seti ya springi. Shokapu itazame kama ina mafuta yaliyochuruzika na kushika vumbi. Lile jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuachia lina faida yake: gari lipande, lishuke, litulie. Lakini linakamata shokapu iliyokufa tu. Iliyochoka nusu itafaulu hapo na kukuangusha kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi.

Hatua ya 5: Pima ugumu wako mwenyewe

Unahitaji futi ya chuma, eneo tambarare na mifuko miwili ya saruji. Likalie gari kidogo kila kona ili bushi ziachie, lisukume mbele na nyuma mita moja, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kwa matairi yote manne. Andika.

Laza kiti cha nyuma, weka mifuko miwili ya kilo 50 sawasawa juu ya mstari wa ekseli ya nyuma, mmoja kushoto, mmoja kulia. Lisukume gari tena kidogo, pima. Tuseme limeshuka milimita 25. Kila upande umebeba kilo 50, kwa hiyo ugumu ni kilo 2 kwa kila milimita. Mifuko ikikaa nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa buti, jibu litakudanganya, kwani inanyanyua pua na kuikandamiza nyuma zaidi ya uzito wake.

Mbele ni vigumu kuweka mzigo juu ya ekseli. Kaa na mwenzako viti vya mbele, mtu wa tatu apime ilivyoshuka, na namba hiyo itumike kulinganisha tu kabla na baada ya matengenezo. Kama tofauti ya kushoto na kulia inazidi sentimita moja gari likiwa tupu, una springi iliyochoka au iliyokatika upande mmoja. Hiyo itengenezwe kwanza, mengine yasubiri.

Hatua ya 6: Lijaribu gari mahali salama

Barabara kuu si uwanja wa majaribio. Tafuta eneo pana la lami au zege ambalo mwenyewe amekuruhusu, hakuna watoto, hakuna mifugo. Chora duara kwa kamba ya mita 20. Ukiwa peke yako, mkanda umefungwa, lizunguke kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 25, kisha 30. Ukifika 36, tayari uko kwenye ile nusu ya uzito wako tuliyoipigia hesabu, na wengi hawana haja ya kufika huko. Kwenye vumbi usivuke 25.

Sikiliza mikono. Kila mwendo unapopanda, unalazimika kukata usukani zaidi ili ubaki kwenye duara? Pua inaanza kukataa, hali ya kawaida. Unalazimika kuurudisha? Mkia unatoka, na gari hilo lisiende safari kabla halijatengenezwa. Kisha ukiwa kwenye 25 achia mafuta taratibu: gari liingie ndani kidogo tu. Likigeuka kwa ghafla, nyuma ni ngumu mno au matairi ya nyuma yamekwisha. Rudia upande wa pili wa mzunguko.

Hatua ya 7: Badilisha kimoja, jaribu, ndipo uende kingine

Utaratibu ninaoushauri ni upepo wa matairi, halafu shokapu, halafu stabilaiza, mwisho kabisa springi. Sababu ni gharama, na pia kwamba kila hatua inafunika makosa ya inayofuata. Ukiweka springi ngumu juu ya shokapu zilizochoka umeongeza nguvu ambayo hakuna wa kuimeza.

Ukiamua kukaza, kaza mbele na nyuma kwa uwiano uleule. Mbele asilimia 15, nyuma asilimia 15, na tabia ya gari itabaki karibu kama ya kiwandani. Kuna jambo jingine la kulinda: miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, akiwa General Motors, alionyesha kwamba gari hutulia zaidi kama mdundo wa nyuma ni wa haraka kidogo kuliko wa mbele, kwa sababu tairi la mbele hufika kwenye tuta kwanza na la nyuma linatakiwa kulifikia. Ukikaza mbele peke yake unavunja mpangilio huo, na gari linaanza kunesa kama linaitikia kwa kichwa kila baada ya tuta.

Anayeishi Ihumwa, Nala au Mkonze na kupita vumbi kila siku, namshauri asikaze kabisa. Kwenye vumbi mshiko ni mdogo, ni vigumu kufikia kona ya kuhamisha kilo 228. Faida ya ugumu haipo, hasara yake ipo: tairi linaruka kutoka wimbi hadi wimbi, na tairi lililo hewani halifungi breki wala haligeuki. Springi za kawaida, shokapu nzima zenye ubora, basi. Kama ni lazima upate kimo, chagua spesa fupi za juu, mbele na nyuma, na ujue ekseli za mbele zitafanya kazi kwa pembe kali zaidi kuliko zilivyotengenezewa. Kisha punguza mwendo kwenye kona za Mlima Nyang'oro ukienda Iringa, maana kimo umekiongeza na fizikia haijasahau.

Hatua ya 8: Panga ugumu kwa mzigo unaobeba kweli

Watu wa kanda ya kati tunasafiri na vitu: gunia la mahindi kutoka Kibaigwa, vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, matenga ya kuku. Wenye Probox na Noah hukaza nyuma kwa ajili ya hivyo, na gari likibeba linakaa vizuri. Hatari iko siku linaporudi tupu. Ugumu wa nyuma uliowekwa kwa kilo 300 unabaki pale pale, mzigo haupo, na ekseli ya nyuma inachukua sehemu kubwa ya uzito unaohama ikiwa na uzito mdogo wa kuikandamiza. Ongeza mvua za kwanza za mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati vumbi na mafuta ya miezi mingi ya kiangazi yamelainika juu ya lami, na utaelewa kwa nini magari yanakutwa yamegeuka kutazama yalikotoka.

Kama mzigo ni wa mara mojamoja, acha springi za kiwandani, pandisha upepo wa matairi ya nyuma kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kwa ajili ya mzigo kamili, na uushushe ukishapakua. Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wa kiti. Kilo 60 juu ya keria zinapandisha kitovu cha uzito kuliko zilezile zikiwa sakafuni, na hiyo ni namba mojawapo kwenye hesabu yetu ambayo unaweza kuibadilisha bure.

Anayebeba kila siku ndiye mwenye sababu ya kukaza nyuma. Na yeye akaze na mbele kidogo, kwa stabilaiza nene zaidi kama inapatikana, ili uwiano usihame wote.

Hatua ya 9: Ukimaliza

Kila ulipogusa springi, spesa au shokapu, pembe za matairi zimebadilika, kwa hiyo alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Bushi za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini. Fundi akizikaza tairi likining'inia, raba inabaki imejisokota, inaongeza ugumu usioutaka na kuchanika mapema. Mwambie wazi: "Fundi, naomba hizo bolti umalizie tukishashusha gari." Springi mpya hushuka kidogo zikianza kazi, basi baada ya wiki mbili tatu rudia vipimo vya futi ya chuma, linganisha na ulivyoandika, na kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine lirudishe gari kabla udhamini haujaisha.